Pumzi Kabla ya Kiboko

Mtu aliyepewa kazi ya kunichapa viboko vinane mbele ya Rumonge nzima alikuwa ananichukia kweli, na mimi nilikuwa namchukia kweli. Naliweka hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu watu wakisikia habari za mchezo wa kuigiza hudhani ni vicheko tu. Vicheko vilikuwepo, na mimi ni mtu wa kucheka. Mama yangu husema nilizaliwa meno yakiwa nje. Lakini kila nilipoinama katikati ya ile hangari ya mawese, shati nimevua, mgongo uko wazi, na yeye kasimama nyuma yangu na kiboko mkononi, swali kichwani mwangu lilikuwa moja: leo atanipiga, au hatanipiga?

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiachia darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kukamua mawese: watu wawili tunalizunguka pipa tukisukuma mti mrefu, ngazi, zile tunda za michikichi, zilizochemshwa zinasagika ndani, mafuta yanatoka mekundu kwa chini. Ni kazi nzuri kwa mwenye ndoto, maana unazunguka tu, akili haina kazi. Mimi kwa mzunguko wa kumi nilikuwa nimekwisha fika Bujumbura, nimepanda jukwaani, taa zinanimulika usoni na wanawake wa pale mbele wanalia kwa ajili yangu. Mwenzangu wa upande wa pili ananiambia, wewe sha, mti umekuwa mzito, rudi Rumonge.

Yule wa kiboko alikuwa muuza mikeke, samaki wa ziwa letu. Alfajiri anakwenda Magara na baiskeli, anangoja mitumbwi irudi, ananunua samaki wake mchangani, halafu anapandisha barabara ya ziwani na vikapu viwili vinavyochuruzika maji. Alikuwa na mikono mikubwa na maneno machache. Machache hayo, mengi yalikuwa ya kunitukana. Akipita pale kwenye pipa hakuacha kusema, bila hata kunitazama, "Mutoto wa fundi wa mukono mumoja, unasukuma ao unalala?"

Hilo lilikuwa na historia yake. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Katika zile siku za kuelekea uhuru, nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, kila nyumba ilikuwa na chama chake, na baba yake na baba yangu walikuwa vyama viwili. Siku moja watu walikuja wakamfunga baba kamba za mikono na kumtembeza hadi komini, kwenye ofisi ya serikali. Alirudi baada ya siku tatu, mkono wa kulia umekufa kuanzia kiganja, hauwezi tena kushika sindano. Mtaani kwetu walisema aliyempeleka ni baba wa muuza mikeke. Mtaani kwao walisema ni baba yangu aliyeanza, kwamba alikuwa amekwisha andikisha jina la mzee wao kwa watu wabaya. Mimi sijui. Nilichokijua ni ule mkono uliolala mapajani kila jioni kama kitu cha mtu mwingine. Bendera zilipopandishwa na ngoma zikapigwa, baba alikaa ndani.

Basi, mwaka wa sabini na moja akaja Mwalimu.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mtengenezaji wa redio, mtu wa asili ya Manyema, aliyekulia Bujumbura na kuelekeza michezo ya kuigiza kule kwa miaka mingi. Mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata siku ya mvua. Alipanga chumba karibu na soko, akatandaza vyuma vyake vya redio mezani, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amemwomba mfanyabiashara mmoja wa mawese ile hangari yake tupu, ili jioni vijana wafanyie mazoezi. Wazee wa msikiti walinung'unika kwamba michezo ni kazi ya watu wasio na kazi. Wengine wakasema ni mpelelezi. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika, na mafuta bado yako miguuni.

Mchezo aliouandika ulikuwa wa zamani za Wabelgiji: mtu maskini anashindwa kutoa kodi, polisi anamlaza na kumchapa viboko vinane, na kijiji kinaangalia. Nikaomba kuwa yule maskini, maana ndiye aliyekuwa na kilio kirefu. Nikakubaliwa. Halafu Mwalimu akamwita muuza mikeke, aliyekuja siku ile kuangalia tu na kutucheka, akampa kiboko.

Nilimfuata nje. Nikamweleza habari yote ya baba, kamba, mkono, na vyama. Nikamwambia huyu ataniua.

"Ndiyo nimemuchagua," akasema. "Mutu anayekupenda hawezi kukuumiza hata kama sijamufundisha. Mimi huyo nimufundishe nini?"

Niliona ni ukatili. Nilirudi ndani kwa sababu moja tu, kile kilio kirefu. Nilikuwa nimekwisha kukifanyia mazoezi kwenye pipa.

Namna ya Mwalimu ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Hakuna kupaza sauti hangarini ila sauti ya mchezo. Ukiona mwenzako anakosea, huna ruhusa ya kumwambia anakosea. Unakwenda unasimama mahali pake na kufanya wewe. Na katika kupigwa, anayepigwa ndiye mwenye kiboko. Hilo alilirudia mpaka tukalichoka. Mimi ninapoinama, navuta pumzi, na bega langu la kushoto linapanda. Hiyo ndiyo ruhusa. Bega lisipopanda, yule wa nyuma hana mkono, hata akae hapo mpaka kesho. Likipanda, kiboko kinashuka, lakini kinapita kando yangu na kuangukia gunia la majani makavu lililowekwa upande ambao watazamaji hawauoni. Na mimi natoa ile pumzi pamoja na kelele.

Mlio wenyewe ulitoka kwa mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mnene wa maneno makali, aliyekaa nyuma ya kitambaa na ngozi mbichi ya mbuzi juu ya ubao. Bega langu likipanda, naye anauinua mwiko wa kuipigia. Alikuwa na kipaji. Ngozi ile ilipolia, hata mimi mwenyewe mgongo ulijikunja. Akitaka kutuchokoza anachelewesha mlio makusudi, kisha anasema kwa nyuma, kwa sauti ya upole kabisa, "Muniwie radhi, nilikuwa namufikiria mume wangu."

Muuza mikeke hakucheka. Siku ya pili tu alikitupa kiboko chini.

"Mwalimu, mimi iko polisi ao mimi iko boyi wake? Yeye ainue bega, mimi nipige. Asipoinua, nasimama kama muti."

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Kama muti."

"Basi polisi ni yeye."

Mwalimu akafikiri, akamwambia kwamba hapo amesema jambo kubwa, na akaomba tuendelee. Mtu yule hakuwa na namna ya kumkasirisha, na hilo lenyewe lilitukasirisha sisi wote wawili. Nadhani ni kitu pekee tulichokubaliana.

Jioni nyingine nilikuwa kwenye kilio changu, nimekizidisha kidogo, na yeye akasema kwa nguvu kwamba nalia kama mbuzi wa Idi. Mwalimu akamwonyesha sakafu kwa kidole. Kanuni ni kanuni. Akavua shati, akainama mahali pangu, na mimi nikapewa kiboko.

Sitadanganya, nilitamani kumpiga. Mkono wote ulikuwa unawasha. Niliuona mgongo wake kwa mara ya kwanza, mpana, una alama mbili za kamba ya vikapu mabegani, na nikamwona baba yangu anatembezwa barabarani. Nikangoja bega lipande. Halikupanda. Mama wa ndagala nyuma ya kitambaa akakohoa. Tukangoja. Ndipo nikaona mgongo ule unatetemeka, kidogo sana, kama maji ya bakuli mtu anapopita karibu. Naye alikuwa na lile swali langu. Alikuwa ananiogopa, mimi, msukuma mti wa mawese, ambaye hata kuku nilimwomba jirani anichinjie.

Bega lake lilipanda mwishowe. Nikapiga gunia. Alipoinuka hakunitazama, na kesho yake barabarani alinitukana vilevile. Lakini kwenye mchezo hakushindana tena na bega langu. Nikivuta pumzi, naisikia na yake nyuma yangu inavutwa, tunashuka pamoja. Ukiniuliza kama tulipatana, hapana. Tulikuwa tunafanya kitu kimoja vizuri, basi, na nje ya hangari tunatemeana mate.

Sikukuu ya uhuru ilipokaribia, bwana mkubwa mmoja wa komini alikuja kuangalia mazoezi. Alitaka mchezo uonyeshwe siku ile uwanjani pa soko, watu wakumbuke walikotoka. Alikaa kwenye kiti tulichomfutia. Alipoona gunia linapigwa akacheka mpaka kofia ikasogea. Akatuambia tunapiga kama watu wanaopakana mafuta. Mwalimu alimweleza utaratibu wetu kwa heshima zote. Bwana mkubwa akasimama, akasema watu wa hapa wamechapwa kweli, wanajua kiboko kinavyolia, na tukiwaletea uongo wataturushia mawe, na yeye hatawazuia. Alipokwenda, muuza mikeke alinitazama moja kwa moja na kusema, "Umusikie mukubwa."

Usiku ule sikulala vizuri. Si kwa woga peke yake. Nilifikiri, huenda bwana mkubwa ana haki.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na soko limefurika: watu wa milimani na vitambaa vyao vipya, wavuvi, wanawake wa Kiswahili na kanga zao, wanafunzi na bendera za karatasi. Ngoma zilipomaliza, ikawa zamu yetu. Na hapo ndipo kosa letu lilipojulikana, kosa ambalo hata Mwalimu na miaka yake yote ya Bujumbura hakuliona. Hangarini tulizoea watazamaji wa upande mmoja, mbele. Lakini watu wetu hawaangalii kitu kwa upande mmoja. Ngoma ikipigwa wanaizunguka. Na sisi walituzunguka, duara zima, mbele na nyuma, mpaka kitambaa cha mama wa ndagala kikawa katikati ya watu kama nguo iliyoanikwa, na mama mwenyewe anaonekana na mwiko wake.

Kiboko cha kwanza kilishuka. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti, "Ni gunia."

Cha pili. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imekauka juani, ikatoa mlio kama wa kupiga kiatu. "Ni gunia linapigwa, na yeye analia. Gunia linyamaze ao yeye anyamaze?"

Vicheko vikalizunguka duara kama moto wa majani. Kilio changu kirefu, nilichokibeba tangu kwenye pipa, kikaanguka pale chini, na watoto wakakiiga. Nilimwona bwana mkubwa kwenye kivuli anamwambia jirani yake jambo. Nilimwona baba yangu, aliyekuwa ametoka nyumbani siku ile kwa ajili yangu mimi, anatazama ardhi.

Nikalisukuma gunia kwa mguu. Likabiringika mpaka kwa watu. Kisha nikavuta pumzi, na nikapandisha bega la kushoto.

Hakupiga. Nikasikia anapumua nyuma yangu. Nikalipandisha tena.

"Piga," nikasema.

Akapiga. Kiboko cha ngozi ya kiboko si hadithi. Sikulia kilio changu kirefu. Nilitoa sauti fupi ambayo sikuijua. Duara likanyamaza. Halafu likanguruma, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Damu inanishuka mgongoni na mimi ninafurahi, taa za Bujumbura zote ziko usoni kwangu. Nikapandisha bega. Akapiga. Nikapandisha. Kila mara nilimpa ruhusa, na kila mara mkono ulikuja upesi zaidi, mpaka mara ya mwisho, naikumbuka, nilikuwa sijapandisha kitu.

Mwalimu aliingia katikati. Hakumnyang'anya mtu kiboko. Alivua lile shati lake la pasi, akanifunika, akabaki na singileti mbele ya Rumonge nzima, akasema, "Muchezo umekwisha. Murakoze, asanteni." Wakatuzomea. Wakarusha maganda ya machungwa na kokwa za ngazi, na bwana mkubwa, kama alivyoahidi, hakuwazuia. Kwa nini kusimamishwa, walipiga kelele, na ndipo tu kumekuwa kuzuri?

Hangarini nilitegemea Mwalimu aje kuutazama mgongo wangu. Mama wa ndagala ndiye aliyeniosha, ananitukana na machozi yanamtoka. Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwa muuza mikeke, aliyeketi kwenye kizingiti, akaushika ule mkono uliopiga. Akakaa nao hivyo muda mrefu.

Ndipo akatusimulia kitu ambacho hakuwa amekisema. Kwamba Bujumbura, katika zile siku za uhuru, aliwahi kuelekeza mapigano ya watu wawili jukwaani, na akawaambia wapigane kweli ili watu wapende. Walikuwa marafiki. Watu walipenda sana. Mmoja alitoka pale bila jicho, na yule mwingine baada ya hapo hakuacha kupiga, mke wake, watu barabarani, mpaka alipofungwa. "Yule wa jicho alinisamehe," akasema. "Huyu mwingine sijui nimuombe musamaha wapi."

Kisha akanigeukia. Akaniambia mgongo wangu utapona kwa wiki mbili, lakini mkono wa mwenzangu nimeufundisha jambo, na kesho nikamwombe radhi.

Nikasema, "Yeye kanipiga mimi, na mimi nimuombe radhi?"

"Nani alikuwa na kiboko?"

Muuza mikeke akainuka kizingitini. Alikuwa na uso wa mtu aliyetapika. Akaniambia bila kupaza sauti, "Ulinitumia. Mbele ya watu wote ulinifanya niwe kama wanavyosema baba yangu alikuwa." Akaondoka na baiskeli yake.

Kesho yake sikwenda. Mgongo ulikuwa unauma, nikajipa hiyo sababu. Wiki iliyofuata nilitembea hadi karibu na kwao, nikawakuta rafiki zake wameketi nje, wakaniuliza kama nimekuja kuongezewa. Nikacheka kama ninavyocheka, nikarudi. Baada ya hapo ikawa kila wiki ni wiki ijayo. Mwenye hangari alichukua hangari yake. Mwalimu akaendelea na redio zake, na kila nilipopita kwake aliniuliza neno moja tu: umekwenda? Nikaacha kupita.

Ukaja mwaka wa sabini na mbili, na mvua za mwezi wa nne. Sitasimulia nani alianza na nani alimaliza. Waliokuwepo wanajua, na wenye elimu kunishinda wataandika. Nasema tu kwamba kwanza waliuawa watu, kisha wakauawa watu, na barabara ya ziwani ikawa ya malori. Mama wa ndagala, tuliyekutana naye baadaye huku Kigoma, ndiye aliyeniambia habari ya Mwalimu. Aliitwa komini kwa mazungumzo. Akapiga pasi shati, akafunika redio za watu kwa kitambaa, akamwagiza mama aianike ile ngozi isije ikaoza. Akaenda kwa miguu yake mwenyewe. Hakurudi.

Mimi nilikuwa Bugarama kwa mjomba, nimekwenda kukata ngazi. Tuliposikia, kila mtu akashika njia yake. Yangu ilikuwa kushuka Magara nikatafute mtumbwi. Nilifika asubuhi, jua limepanda, na pale barabara inapokaribia mchanga walikuwa wameweka bariere: gogo moja na vijana kama kumi na marungu yao. Nikafikiri kurudi nyuma, lakini walikuwa wamekwisha niona.

Mkubwa wao, kijana nisiyemjua, aliniuliza mimi ni wa nani. Nikasema ni wa Rumonge. Akageuka, akauliza nani anamjua huyu. Na aliyesogea mbele, mwenye rungu kubwa kuliko wote, alikuwa muuza mikeke.

Vikapu vyake niliviona kando, vitupu. Sijui kama walimchukua kwa nguvu au alikwenda mwenyewe. Hakuniambia, na mimi siwezi kumsemea.

"Namujua," akasema. "Baba yake ni fundi wa mukono mumoja. Watu wa kile chama."

Basi nikajua nimekufa. Mkubwa akasema kama ni hivyo wasipoteze muda.

"Huyu muniachie," muuza mikeke akasema. "Huyu ni wangu tangu zamani. Rumonge nzima inajua."

Wawili wakacheka, walikuwepo sokoni siku ile ya uhuru. Wakawaeleza wengine: huyu ndiye alimuchapa yule mbele ya watu mpaka damu. Ikawa kama kichekesho, wakamruhusu. Akanishika shingo, akaniburuta mpaka mchangani, kwenye nyavu za ndagala zilizorundikwa, bado mbichi kutoka ziwani. Wale wengine wakabaki kwenye gogo, wanaangalia. Wote walikuwa upande mmoja.

"Inama," akasema.

Nikainama kando ya zile nyavu. Nilikuwa na swali langu lile la siku zote, na safari hii sikuwa na jibu kabisa. Nikangoja. Hakuna kilichokuja. Nikasikia maji ya ziwa, na mmoja kule barabarani anauliza anangoja nini.

Alikuwa anangoja bega.

Nilijaribu kuvuta pumzi, haikuingia. Kifua kilikuwa kimefungwa kama mlango. Nikainua bega peke yake na likaanguka.

"Pumua, mujinga," akasema kwa meno.

Nikapumua. Bega likapanda, rungu likashuka, na nyavu mbichi zikalia kama ngozi ya mama wa ndagala katika siku yake bora. Nikatoa kilio changu kirefu. Nikavuta tena, nikamsikia na yeye anavuta. La pili. La tatu nilichelewa, au nilikohoa, sikumbuki. Rungu lilinikuta begani, na mfupa ukavunjika, nikausikia. Kilio cha hapo hakikuwa cha mchezo. Akapiga mengine, yote nyavuni. Kisha akanisukuma kwa mguu, akanivutia wavu juu, na nikamsikia anawaambia amekwisha, na mwingine anamwambia kazi nzuri.

Nililala chini ya wavu ule mpaka alasiri, magamba ya ndagala yananikaukia usoni. Wenye nyavu walipokuja walinikuta, wakanitia mtumbwini bila kuniuliza jina.

Nimekwisha geuza lile pigo la tatu kichwani mara nyingi. Inawezekana lilikuwa la kuwaridhisha waliokuwa wanaangalia. Inawezekana lilikuwa langu, la siku ile ya soko, kwa sababu sikwenda kumwomba radhi. Ninachojua ni kwamba pumzi ilichelewa, na pumzi ilikuwa yangu. Habari zake sizipati. Nimeuliza kila mvuvi anayetoka ng'ambo ile, namweleza mikono, baiskeli, vikapu. Nimewaagiza wakimwona wamwambie kwamba yule wa mawese amekwenda, kama Mwalimu alivyomwagiza. Ataelewa amekwenda wapi.

Huku tumepata chumba, na vijana sita wanaotaka mchezo. Mama wa ndagala amekwisha pata ngozi. Vijana wanagombana kila siku, hawa wanasema wale ndio waliotuletea haya yote, wale wanajibu. Wawili wasiosalimiana nimewapa kiboko, mmoja wa kupiga na mmoja wa kuinama. Nawafundisha kama nilivyofundishwa, ila bega la kushoto halipandi tena, liliunga vibaya. Natumia la kulia.